Chupa Aliyoipitisha Mama Pua

Wateja wa duka lile la mvinyo walikuwa wavivu wa kunusa, na aliyewadekeza ni Mama Pua mwenyewe. Chupa ikifunguliwa mezani, hakuna aliyejisumbua. Wote walimtazama yeye. Alimimina tone dogo kwenye glasi yake, akaizungusha, akaingiza pua, akatulia, kisha akaitikia kwa kichwa, na hapo glasi zote zikanyooshwa kwa pamoja. Akitikisa kichwa, chupa ilirudishwa nyuma ikamwagwe, wala hakuna aliyeomba maelezo. Ndiyo ilikuwa desturi ya duka. Watu wazima, wenye pua zao nzima, walikuwa wanakunywa kwa pua ya mtu mwingine.

Jina la Mama Pua alipewa hapohapo dukani. Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mwalimu wa chekechea aliyestaafu kazi lakini hakuistaafisha sauti. Mama Pua mwenyewe alianza dukani kama mwosha glasi. Miaka mingi alisimama kwenye sinki la nyuma, uso ukutani, na mlango mgongoni mwake ulifunguliwa na watu wa kuweka glasi chafu, ukafungwa tena bila hata salamu. Mikono ilimpasuka kwa sabuni, kiuno kikamkaza, na kuna wateja waliokuja miaka nenda rudi bila kujua kwamba kuna binadamu kule nyuma.

Kilichomtoa kule ni rafu. Mzee, mwenye duka, alitengenezesha rafu mpya za mbao, glasi zikapangwa juu yake kifudifudi zisiingie vumbi. Mama Pua akamwendea akamwambia kwamba glasi zote zinanuka vanishi. Mzee akanusa, hakusikia kitu. Akanusa tena, akasikia. Glasi zikageuzwa, na mwosha glasi akaletwa mbele, akafundishwa mizabibu na mikoa, kufungua chupa bila kuvunja kizibo, kuonja na kutema. Kutoka sinki hadi meza ya mbele ni mwendo mfupi, mtu anaweza kuumaliza akiwa na trei mkononi, lakini yeye aliuona kuwa ndio safari kubwa ya maisha yake.

Basi msimu wa baridi uliopita mafua makali yakamwangusha. Alipoinuka kitandani, pua haikuinuka naye. Aligundua siku alipokuwa amekaa jikoni anachambua mboga, dada yake akaingia mbio huku amejiziba uso kwa kanga.

"Sufuria inateketea nawe umekaa kama picha! Husikii harufu?"

"Harufu gani?" aliuliza Mama Pua, na nyuma ya mgongo wake moshi ulikuwa unapanda darini.

Daktari wa zahanati alimwambia asubiri. Huenda pua ikarudi, huenda isirudi, ila inasaidia kuizoeza. Daktari alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu anayeelekeza kituo cha basi. Mama Pua alitoka pale amepiga moyo konde. Akatafuta vikopo, akatia karafuu, maganda ya limau, kahawa na kipande cha sabuni ya kufulia. Kila asubuhi kabla ya chai alifumba macho, dada akampitishia kikopo puani.

"Hiki?"

"Limau."

"Sabuni hiyo, mdogo wangu! Kama ni limau, basi leo nitaikamulia kwenye chai yako."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamwishia kooni.

"Lete hichohicho tena," alisema Mama Pua, macho bado kayafumba. "Lete mpaka nikijue."

Alifanya hivyo bila kukosa hata siku moja, na alikuwa mtu wa kichwa kigumu kweli. Karafuu ikaanza kurudi kwa mbali. Kahawa ikarudi vibaya, inanuka mpira ulioungua, akawa anainywa huku amekunja uso. Limau na sabuni havikurudi kabisa. Na mvinyo, ambao harufu zake ni nyembamba mno na zimepandana, ulikuwa maji yenye rangi.

Dukani hakumwambia mtu. Alivaa aproni yake nyeusi kama kawaida, akazungusha glasi kama kawaida, akaingiza pua ndani ya glasi na kuhesabu kimoyomoyo muda aliozoea kutulia, akaitikia kwa kichwa. Ili asiumbuke, alianza kuwasukumia wateja chupa zenye vifuniko vya kuzungusha, maana mvinyo unaoharibika kimyakimya mara nyingi ni ule wa kizibo. Kizibo kikiwa na ugonjwa, mvinyo hubaki na rangi nzuri na haumdhuru mtu, ila utamu wake wote unakufa. Na dalili yake ni harufu tu. Jicho haliioni, na yeye sasa alikuwa amebaki na macho na ulimi.

"Mwambie Mzee," dada alimshauri, na haikuwa mara ya kwanza.

"Nimwambie nini? Kwamba Mama Pua hana pua? Kesho yake niko kwenye sinki."

"Sinki nayo ni kazi."

"Nimeifanya, dada. Kiuno changu kinaikumbuka. Sirudi kule, hata kama itabidi ninuse kwa masikio."

Tusidanganyane, huo ulikuwa uongo, na alijua ni uongo. Lakini alijiambia kwamba hamwibii mtu. Pua ingerudi siku moja, mambo yangekaa sawa, na hakuna ambaye angejua. Alipokuwa akijiambia hivyo Mzee alikuwa amebadilika. Siku za karibuni alikuwa mkimya, anaonja chupa na kuiweka chini bila neno, halafu anaenda kusimama dirishani. Mama Pua alimwona na akaogopa kwamba ameshtukiwa, kwa hiyo akajitahidi kuitikia kwa kichwa kwa uhakika zaidi.

Ndipo Mzee akatangaza kwamba Jumamosi mchana duka litaonjesha mvinyo wa Ufaransa, mkoa kwa mkoa. Mama mwenye mgahawa wa kona angekuja kuchagua mivinyo ya mwaka mzima, na majirani wamealikwa. Makasha yalipofika, Mama Pua aliyafungua mwenyewe kwa haraka, akachungulia shingo za chupa. Zote zilikuwa na vizibo. Hakukuwa na hata kifuniko kimoja cha kuzungusha.

Hakulala vizuri, lakini Jumamosi aliamka na mpango. Alikuwa ameonja mikoa ile kwa miaka, na kichwa chake kilikuwa bado na kumbukumbu. Harufu angezisema kwa kukumbuka. Uchachu, ukakasi, uzito na ukali angevisema kwa ulimi, maana ulimi haukuugua. Ilibaki kuomba tu vizibo viwe vizima.

"Jikaze kisabuni," dada alimwambia mlangoni, akamfunga aproni kwa nyuma kama anamvalisha mtoto wa chekechea.

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, mikate ikakatwa, ndoo ya kutemea ikawekwa katikati. Mama mwenye mgahawa aliketi mbele kabisa na mkoba wake mapajani. Mzee alikaa ncha ya meza. Majirani walijaza viti, na miongoni mwao alikuwepo mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kwanini. Mama Pua alikuwa hampendi yule mtu. Kwa kazi yake alishinda kutwa akiulizwa na wanafunzi, na jioni alitoka kwenda kuwalipizia watu wasio na hatia.

"Kwa nini chupa ya Alsace ni nyembamba hivi, na shingo ndefu?" alianza kabla hata ya kukaa vizuri.

"Ndivyo wanavyozitengeneza huko, Mwalimu."

"Na kwa nini tunatema? Si ni hasara?"

"Onja kwanza, utauliza ukiwa umelowa koo."

Watu wakacheka, na kicheko kikampa nguvu. Alifungua mweupe wa Alsace, akazungusha, akainusa hewa tupu, akaitikia kwa kichwa. Glasi zikanyooshwa. Akawaambia watafute waridi na ganda la chungwa.

"Waridi kabisa!" alisema jirani mmoja, na glasi yake ilikuwa bado mezani hajaigusa.

Mweupe wa Loire ulikuwa na uchachu wa kukamua mate pembeni mwa ulimi, na hilo Mama Pua alilisema kwa raha kwa sababu lilikuwa kweli. Mwekundu wa Beaujolais ukapita, mwepesi, hauna ukakasi, na mama mwenye mgahawa akasema ule anauchukua. Jasho lilikuwa linamtiririka Mama Pua chini ya aproni, lakini sauti haikutetemeka. Alianza kuamini kwamba atafika mwisho salama.

Kizibo cha mwekundu wa Burgundy kilitoka kizima, kisafi, hakina doa. Akanusa. Akaitikia. Akamimina.

Mzee alinywa, akasimamisha glasi hewani, akamtazama. Mama Pua akaitikia tena, polepole, kwa uhakika wote aliokuwa nao. Mzee akashusha glasi.

"Una udongo udongo," alisema Mzee kwa sauti ya chini. "Labda ndio mkoa wenyewe."

"Naam, udongo," mama mwenye mgahawa alidakia. "Mtulivu. Mvinyo wa watu wazima."

"Wa kiungwana," jirani wa waridi akaongeza.

"Kwa nini unanuka boksi lililolowa?" aliuliza Bwana Kwanini.

Meza nzima ilivunjika mbavu. Mama mwenye mgahawa alifuta machozi kwa kitambaa. "Mwalimu, pua yako imezoea petroli na soksi za wanafunzi. Hebu muulize Mama Pua, yeye amepitisha."

Bwana Kwanini alinusa tena. Akanusa mara nyingine, uso umemwiva. Mtu ambaye hajawahi kukosa swali, safari hii hakuuliza. Aliisukuma glasi mbali naye kidogo, akasema taratibu, "Basi labda ni mimi."

Mama Pua alisimama na chupa mkononi na masikio yakimwaka. Boksi lililolowa. Ndiyo maneno yaleyale aliyowafundisha wafanyakazi wengine walipomuuliza kizibo kibovu kinanukaje. Akaweka tone ulimini. Uchachu ulikuwepo, ukakasi mdogo ulikuwepo, na baada ya hapo hakuna kitu, lakini kwake kila chupa ilikuwa hivyo tangu mafua. Hakuwa na njia ya kuhakikisha. Alikuwa na neno la yule mtu tu, mtu asiyempenda.

Angeweza kunyamaza. Kicheko kilikuwa kimekwisha kumaliza kesi, na Rhône ilikuwa inasubiri kufunguliwa. Lakini alimwona Bwana Kwanini akijipapasa pua kwa kidole, kwa siri, kama anaikagua, na roho ikamuuma. Alikuwa anaijua ile hali. Kila asubuhi aliishi nayo: kunusa na kutojiamini, kuogopa kusema, kusema na kuchekwa. Yeye alipewa hali hiyo na ugonjwa. Huyu alikuwa mzima wa afya, na aliyempa ni yeye Mama Pua, kwa kuitikia kwa kichwa tu. Aliona aibu, aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia.

"Mwalimu, irudishe glasi yako karibu," alisema.

"Niirudishe kwa nini?"

"Kwa sababu uko sahihi. Kizibo kimeuua mvinyo huu. Haufai."

Kicheko cha mwisho kikafia njiani. Mama mwenye mgahawa alitazama glasi yake ambayo ilikuwa tupu tayari. "Lakini wewe mwenyewe umeitikia!"

"Niliitikia. Sikusikia kitu." Mama Pua aliweka chupa mezani, kisha akaamua kuumwaga mtama wote. "Sina pua. Ilikufa na yale mafua ya msimu uliopita. Tangu wakati huo nimekuwa naingiza uso kwenye glasi na kuitikia tu."

Bwana Kwanini aliivuta glasi yake karibu.

"Na waridi?" jirani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Waridi nilizikumbuka."

"Mimi nilizisikia!"

"Sijui ulisikia nini, jirani yangu. Glasi hukuwa umeigusa."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mama Pua alihisi miguu inataka kumpeleka mlango wa nyuma. Aliikatalia. Kama leo ndiyo siku ya mwisho ya kusimama mbele ya meza ile, alitaka kuimaliza akiwa amesimama. Akachukua chupa nyingine ya mwekundu uleule wa Burgundy, akaifungua, akamimina tone kwenye glasi ya pili ya kila mtu.

"Leo kila mtu na pua yake," alisema. "Nuseni hii, nuseni ile. Mniambie. Kuanzia Mwalimu."

Bwana Kwanini alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, uso ukamfunguka. "Hii ina matunda! Kwa nini ile haina? Si shamba moja?"

Na hapo meza ikachafuka. Wote wakatumbukiza pua ndani ya glasi, wakawa wanabadilishana, wanabishana, huyu anasema matunda madogo mekundu, yule anasema majani makavu, mwingine anadai anasikia ngozi ya viatu na hakubali kushindwa. Mama mwenye mgahawa alirudia glasi ile mbovu mara kadhaa, akajicheka. "Mvinyo wa watu wazima! Nilikuwa nimelewa kichwa chako, Mama Pua, si mvinyo." Zikafuata Rhône na Bordeaux. Wao walinusa na kusema, yeye akaonja na kuwaeleza ukakasi unakamata wapi ulimini na kwa nini utalainika chupa ikilala miaka. Walimsikiliza. Baadhi walimtazama kwa kumhurumia, na hilo alilivumilia.

Tangu yale maneno Mzee alikuwa amekaa na glasi mbili mbele yake, ananusa moja, ananusa nyingine, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Wageni walipoaga, hakuinuka hata kuwasindikiza.

Jua lilikuwa bado liko dirishani. Mama Pua alikusanya glasi kwenye trei na kusubiri. Alikuwa amejiandaa. Alipokuwa akiwasindikiza wageni mlangoni alikuwa ameshajipangia jibu la kila neno ambalo Mzee angesema: hasira, dharau, sinki.

"Tangu mafua?" Mzee aliuliza.

"Tangu mafua."

"Chupa zote zile ulizopitisha?"

"Zote, Mzee. Nisamehe."

Mzee aliitikia, bado anatazama glasi. "Nimekwenda kwa daktari wa pua," alisema. "Akanipima, akasema sina tatizo. Nikaona hajui kazi yake. Nikarudi tena, akasema vilevile."

Mama Pua aliweka trei chini.

"Kila mara nilisikia harufu mbaya," Mzee aliendelea, "nikakutazama, nikaona umeitikia. Wewe hujawahi kukosea. Nikasema basi, uzee umeanzia puani. Mtu asiyejua mvinyo mzima na mbovu anauzaje mvinyo? Nimemwambia mwanangu atafute mnunuzi wa duka. Jumatatu anakuja na mtu."

Kwa hili Mama Pua hakuwa amepanga jibu. Alikuwa amehesabu kila hasara ambayo ingempata yeye. Mzee hakuwa amemtia kwenye hesabu kabisa. Siku zote zile dirishani, alikuwa anaaga duka lake.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Mwanao. Mpigie simu sasa hivi."

"Tutazungumza kesho, mama. Na usidhani yamekwisha, nina maneno na wewe."

"Maneno yako nitayasikiliza kesho, yote, na sitajitetea. Kama ni sinki, nitaingia kwenye sinki. Lakini mpigie sasa, Mzee. Mwambie pua iliyoharibika ni yangu. Siyo yako."

Mzee akapapasa mfukoni, akatoa miwani, akatoa simu, akaanza kutafuta jina la mwanawe kwa kidole kisicho na haraka. Mama Pua alifungua kamba za aproni, akaikunja, akaishika mkononi. Hakusogea mpaka aliposikia sauti ya upande wa pili ikisema, "Baba?"